Mashua ya Kazi Siku ya Mashindano

Watu wengi wasiokulia pwani hudhani kwamba mashua ni kitu chepesi kufahamika: mbao zimepigwa misumari, mti umesimamishwa, kitambaa kimetundikwa, upepo umevuma, na chombo kimekwenda. Dhana hiyo haina kosa kubwa, kama vile hana kosa kubwa mtu asemaye kuwa filimbi ni mwanzi uliotobolewa. Lakini mpe mtu huyo mwanzi wenyewe aupige mbele ya watu, ndipo atakapojua ni umbali gani uliopo baina ya tundu na wimbo.

Msomaji wangu, nataka kukueleza jambo moja dogo katika elimu kubwa ya bahari: jinsi mashua ya kazi, iliyozoea kuchukua mawe na boriti na samaki, inavyotengenezwa ili ishindane na wenziwe kwa siku moja. Mashindano ninayoyakusudia hufanywa Lamu, katika mkono wa bahari uliopo baina ya kisiwa hicho na kisiwa cha Manda, mwaka mpya unapoingia na katika baadhi ya sherehe za mji. Zipo siku hizi mashua chache zinazotunzwa kwa mashindano na kwa matembezi ya wageni. Nilizozijua mimi nilipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1990, nyingi zilikuwa za riziki. Mashua kwa mwenyewe ilikuwa kama jembe kwa mkulima. Mlingoti ukivunjika mbele ya watu wanaoshangilia, makofi yao hayaununui mwingine.

Mimi nilikuwa baharia wa mwisho katika mashua ya mjomba wangu, maana yake ni kwamba kazi yangu ilikuwa kukumba ngama, yaani kuyatoa maji yaliyoingia chini ya chombo, na kutumwa huku na huku. Baharia wa mwisho husikia mambo mengi, kwa kuwa hakuna anayejali kama yupo.

Kazi ilianza chini kabla ya kupanda juu. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, mashua ilipandishwa pwani ikalazwa ubavu. Bahari yetu ina viumbe wengi wapendao kukaa bure katika nyumba ya mtu: viganda vigumu vidogo vidogo, majani, na ukoga wa kijani uteleza mkononi. Vyote viliparuzwa. Kisha sehemu ya chini ilipakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, na sehemu ya juu ikapakwa sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake humtangulia baharia nyumbani. Juu ya kazi hii sina haja ya kusema mengi. Ni kazi ya mikono na subira, na kila nahodha wa mashindano huifanya. Kwa hiyo haimpi mtu ushindi, ila asiyeifanya humpa kushindwa.

Hapa yafaa ujue jambo ambalo lilinistaajabisha nilipolisoma baadaye katika vitabu, kwa kuwa wazee walilijua pasina kitabu. Chombo kikienda huinua wimbi mbele yake na jingine nyuma, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mawimbi hayo yanavyotengana. Umbali wao ukilingana na urefu wa chombo chenyewe, chombo huwa kama mtu anayepanda kilima alichokijenga kwa mikono yake. Mashua yenye urefu wa mita 9 mahali inapogusana na maji haizidi sana mwendo wa maili 7 za baharini kwa saa, hata ukiifungia tanga la meli. Na maili moja ya baharini ni mita 1852. Maana yake ni kwamba upepo ukiwa mzuri na ukitoka nyuma au ubavuni, mashua zote za urefu mmoja hukikaribia kikomo kimoja. Tofauti huonekana upepo unapokuwa mdogo, na zaidi wakati wa kubisha.

Kubisha ni kwenda kule unakotoka upepo. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kuuelekea upepo usoni. Hukwenda mshazari, mara upande huu mara upande ule, kama mtu anayepanda mlima mkali kwa njia ya kupindapinda. Chukua kalamu upige hesabu. Nahodha ambaye chombo chake huukaribia upepo kwa nyuzi 60 hulazimika kusafiri maili 2 ili aende mbele maili 1. Mwenzake anayepata nyuzi 55, kwa mwendo ule ule, atasafiri maili 1 na robo tatu tu. Nyuzi tano ni kitu gani? Ukizitazama kwa macho juu ya maji huzioni. Lakini katika kila maili mbili za mwenziwe, yeye amekwisha kuokoa robo nzima, wala hakutumia nguvu yoyote zaidi ya kulitengeneza tanga lake.

Basi na tulitazame hilo tanga. La mashua zetu linakaribia umbo la pembetatu, nalo limefungwa kwa nyuzi kwenye mti mrefu uitwao foromali. Foromali hupandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza, ipitayo katika kapi huko juu. Ncha yake ya chini hufungwa mbele ya chombo, na ncha ya juu huelekea angani nyuma. Pembe ya tanga iliyo nyuma huvutwa kwa kamba inayoitwa demani. Upande unaopokea upepo huitwa goshi, na upande wa pili huitwa demani pia, kwa jina lile lile la kamba. Wala usishangae, maana bahari hupenda kulitumia neno moja mara nyingi.

Upepo haulisukumi tanga tu kama mkono unavyosukuma mlango. Tanga likikaa vizuri huwa na tumbo, na hewa inayopita nje ya tumbo hilo hukimbia zaidi kuliko ile ya ndani. Mgandamizo wake ukapungua, na tanga likavutwa upande huo, kama bawa la ndege linavyoinuliwa. Kwa hiyo mashua inayobisha huvutwa kuliko inavyosukumwa. Swali lote la nahodha ni hili: tumbo liwe kubwa kiasi gani, nalo likae wapi? Tumbo kubwa lina nguvu, lakini haliukaribii upepo. Mbele hupepesuka na kuzima. Tumbo dogo huukaribia upepo, lakini katika upepo mwembamba halina nguvu ya kuivuta mashua ikapita juu ya mawimbi.

Mjomba alikuwa akilitengeneza tumbo kwa nyuzi za foromali. Alipotaka kulipunguza, alilivuta tanga kutoka ncha hadi ncha, akazifunga upya nyuzi zote moja moja. Alipotaka kuliongeza, alizilegeza kwa upana wa kidole. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na watu waliopita pwani walimwuliza kama anashona kanzu.

Tukiwa juu ya tumbo la tanga, acha nikupe kisa cha mbali chenye mkono wake kwetu. Mwaka 1851 Wamarekani walileta Uingereza chombo chao kilichoitwa America, kilichochorwa na George Steers kwa kufuata umbo la vyombo vya kazi vya huko New York, vile vilivyowachukua marubani kwenda kuzilaki meli. Tarehe 22 Agosti kilishindana na vyombo vya Waingereza zaidi ya kumi kuzunguka kisiwa cha Wight, nacho kikashinda. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ilikuwa nguo. Matanga ya Waingereza yalikuwa ya kitani, mazito, yenye tumbo lililoning'inia, hata walizoea kuyamwagia maji ili nyuzi zake zikazane. Matanga ya America yalikuwa ya pamba iliyofumwa kwa mashine, nayo yalikatwa yakakaa bapa kama ubao. Kikombe walichoshinda siku ile wakakaa nacho miaka 132, mpaka Waaustralia walipowanyang'anya mwaka 1983. Sasa wewe unayejua Kiswahili hebu jiulize nguo ya pamba ambayo babu zetu walishonea matanga iliitwaje. Iliitwa merikani, kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani ndio walioileta Unguja kwa wingi, hasa baada ya mkataba wao na Sayyid Said wa mwaka 1833. Nguo ya pamba ya watu wale wale ilikuwa inabisha katika bahari yetu kabla haijawashangaza mabwana wa Uingereza katika bahari yao.

Turudi kwenye mashua. Mgeni wa tanga hudhani kwamba kukaza ndiko kushinda. Huivuta demani mpaka vidole vikauma, kisha hukaa akijisifu kwa kazi nzuri, huku mashua imesimama kama iliyotia nanga. Demani huvutwa mpaka ukingo wa mbele wa tanga uache kutetemeka, basi; kila inchi inayozidi hapo huugeuza mvuto kutoka mbele ukawa wa ubavuni. Tena upepo wa juu ni mkali kuliko upepo wa chini, kwa sababu maji hayaukwaruzi. Kwa hiyo sehemu ya juu ya tanga haina budi kufunguka kidogo kuliko ya chini. Foromali nzuri husaidia hapo: ncha yake nyembamba hupinda upepo unapovuma ghafula, ikaumwaga upepo uliozidi, kisha ikanyooka yenyewe. Wazee waliuchagua mti wa foromali kwa kuutikisa, wakitazama unavyopinda na unavyorudi.

Kamba nazo zina siri yao. Henza inayovutika ni adui aliyefungwa ndani ya chombo. Upepo ukizidi, kamba hurefuka, foromali hujitenga na mlingoti, na tanga hupata tumbo kubwa saa ile ile ambayo ulitaka liwe bapa. Mjomba alipata henza mpya ya nailoni, nzuri kwa macho na laini mkononi, nayo ilivutika kama mpira. Aliitundika mtini nyuma ya nyumba akaining'inizia jiwe siku kadhaa, na siku ya mashindano alilipandisha tanga mara mbili: mara ya kwanza ili kamba ichoke, na mara ya pili ili ifanye kazi. Kamba za ubavuni zinazoushikilia mlingoti kwetu hazikai mahali pamoja kama nyaya za chuma katika jahazi za Kizungu. Hufungwa upande wa goshi, na kila chombo kinapopinduka huhamishwa upande wa pili. Kuzihamisha upesi bila ya kuuacha mlingoti ukiwa yatima ni kazi inayotaka watu wanaofahamiana.

Lakini kipimo alichokiamini mjomba kuliko vyote kilikuwa mkononi mwake. Tanga likikaa nyuma mno, mashua hutaka kuugeukia upepo yenyewe, na mshika usukani hana budi kupambana nayo. Usukani uliopinda ni kama mkono uliotiwa majini. Huirudisha mashua nyuma muda wote, hata kama watu hawaoni. Ikiwa vidole viwili vilitosha kuishika kana, ambayo ni mpini wa usukani, alisema tanga limekaa mahali pake. Ikiwa alihitaji kiganja kizima, alilishusha tanga, akalisogeza fundo la henza kwenye foromali kuelekea ncha ya juu kwa upana wa mkono, na tanga lote likaenda mbele kidogo. Kisha tukatoka tena. Jioni nne tulitoka pamoja na mashua ya jirani yetu, ubavu kwa ubavu, na kila jioni mjomba alibadili kitu kimoja tu. Vijana tulichoka kwa uvivu wa mambo hayo. Alisema kwamba mtu akibadili mawili akaenda vizuri, hajui amshukuru nani.

Liliposalia lilikuwa suala la uzito, na hapo ndipo maneno yalipozidi. Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisipinduke. Kwetu ilikuwa magunia ya mchanga. Mashua nyepesi hupita majini kwa wepesi, lakini hulala upesi upepo unapoipiga. Hata wenye jahazi za matembezi huko Ulaya, zenye vitanda na majiko ndani, hutangulia kushusha minyororo na maji ya akiba na vyungu kabla ya kushindana. Sisi tulipunguza magunia nusu, na badala yake ukatokezwa ubao mrefu nje upande wa goshi, mabaharia wakae juu yake. Mtu mmoja aliyekaa nje juu ya maji hufanya kazi ya watu kadhaa waliokaa ndani, kama unavyojua wewe uliyewahi kucheza pembea ya ubao na mwenzako mzito.

Vijana hawakuridhika. Walisikia kwamba mashua moja ya kijiji kingine imeazima foromali ndefu kutoka chombo kikubwa, na tanga lake. Wakamwendea mjomba jioni, alipokuwa ametulia barazani.

"Shikamoo, Bwana Nahodha."

"Marahaba, wanangu. Semeni."

"Wenzetu wameazima foromali. Nasi tukitaka ya kuazima ipo."

"Najua ipo. Mlingoti wake pia upo wa kuazima? Na mkuku?"

Wakanyamaza. Mmoja akasema kwamba ni kwa siku moja tu.

"Mlingoti huvunjika kwa dakika moja," mjomba akajibu. "Na Jumatatu nina mawe ya watu Manda."

Nakuomba, msomaji, usilipime jibu hilo kwa haraka. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga haiwi mara mbili, huwa mara nne. Mlingoti unaostahimili asubuhi huenda usistahimili adhuhuri, na tanga likizidi ukubwa, mzigo wote hushuka katika ubao mmoja ambao tako la mlingoti limekaa juu yake. Mjomba aliujua ubao ule; alikuwapo ulipochongwa. Lakini vijana nao hawakuwa wapumbavu. Mtaa wetu ulikuwa haujashinda kwa miaka mingi, na watoto walikuwa wamekwisha kutungiwa utani. Heshima ya mtaa si kitu cha kuchezewa, nayo humlisha mtu kwa namna yake, ingawa haijazi sufuria.

Siku ikafika, na upepo wa kaskazi ukaamka vizuri. Sitakuchosha kwa habari za kila mzunguko. Katika kubisha tulizipita mashua tatu ambazo zilituacha mwanzoni, na tulizipita kimya kimya, bila ya mtu kukaza misuli. Ziliukaribia upepo pungufu kuliko sisi, basi. Maji yalikuwa yanatupinga, na mjomba alipita karibu na fungu la mchanga ambako mkondo ni dhaifu, mpaka nikauona mchanga chini ya maji nikaacha kukumba. Akaniambia nikumbe. Tulipogeuka ili upepo uje nyuma, ile mashua ya foromali ndefu, ambayo tulikuwa tumeikaribia kiasi cha kusikia maneno ya mabaharia wake, ilifungua tanga lile kubwa ikatuacha. Ilikuwa inalia kila ungo wake, na watu wanane wako nje juu ya ubao. Ilishinda. Sisi tulikuwa wa pili.

Wiki ile ile ikajulikana kwamba ubao wa chini ya mlingoti wake umepasuka, na maji yanaingia. Ilipandishwa pwani, na mafundi wakaufungua moyo wake wote. Ilikaa juu ya magogo mpaka kaskazi ilipokwisha, msimu mzima wa uvuvi. Ukiwauliza leo watu wa Lamu waliokuwapo, watakutajia mshindi wa mwaka ule kwa jina na rangi yake, na huenda wakakuigizia jinsi ilivyofungua tanga. Hakuna atakayekutajia magogo. Nahodha wake nilimkuta mara moja amekaa kivulini karibu na mafundi, akizungukwa na wavulana, anawasimulia. Sikuona katika uso wake dalili ya mtu aliyepunjwa. Mjomba alipopita alimwamkia, akainama akaingiza kichwa ndani ya mashua ile, akaupapasa ule ufa kwa kidole muda mrefu. Kisha wakazungumza juu ya mbao, ni mti gani unaofaa zaidi na unapatikana wapi, wala ushindi haukutajwa.

Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, mjomba alizilegeza nyuzi za foromali, kwa kuwa mashua iliyopakia mawe hutaka tanga lenye tumbo, na ubao wa goshi ukarudishwa nyumbani ukawa tena kiti cha wageni. Magunia ya mchanga hatukuyarudisha. Kule tunakokwenda kulikuwa na uzito wa kutosha. Nikapewa ndoo yangu, tukatia pondo, na maji yalikuwa yanaanza kujaa kuelekea Manda.